Karatasi Iliyosema Mamangu ni Mzima: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Likoni. Nakuandikia kuhusu karatasi ya majibu ya skani iliyokosa kiharusi cha mamangu, ambayo bado ninayo kwenye droo.

Mamangu aliamka alfajiri akishikilia ukuta. Chumba kilimzunguka kama mashua iliyokatika nanga. Kisha ikamshika kwikwi, ikakataa kutoka. Jirani, kwa kukosa la kufanya, akalowesha uzi na kumbandika kwenye paji la uso kama tunavyowafanyia watoto wachanga. Alipotia mikono kwenye beseni la maji, wa kulia ulihisi moto, wa kushoto haukuhisi kitu. Nilicheka, nikidhani anatania. Mpaka leo naona haya.

Tukavuka kwa feri hadi hospitali moja ambayo sitaitaja. Kupima kama ni kiharusi, akaambiwa atabasamu: mdomo haukupinda. Ainue mikono: yote ikainuka. Skani ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi. Tukarudi nyumbani na vidonge vya kisunzi, tukiambiwa ni masikio tu. Siku ya pili akapaliwa na chai, sauti ikakwaruza. Ndipo ukoo mzima ukachanga, tukampeleka kwingine kupigwa MRI, skani ya aina nyingine. Kwenye shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, upande wa kulia, palikuwa na doa jeupe mfano wa punje ya mchele. Kiharusi.

Tangu hapo sijaacha kuwasumbua madaktari kwa maswali. Shina la ubongo limekaa chini kabisa ya fuvu, limezungukwa na mifupa minene. CT hutumia eksirei, na mifupa hiyo hutupa michirizi juu ya picha, mahali pale pale tunapotaka kuona. CT ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja, na kwa hilo naiheshimu. Lakini mshipa mdogo ukiziba huko chini, katika saa za mwanzo mara nyingi haioni chochote. MRI hutumia sumaku, na ina picha ya aina moja inayofuatilia jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Seli zikikosa damu huvimba, maji hukwama, na sehemu ile hung'aa nyeupe, pengine ndani ya dakika chache.

Nisikudanganye, Mheshimiwa: MRI nayo hukosea. Kiharusi kidogo cha shina la ubongo kinaweza kuiponyoka kwa siku moja au mbili za mwanzo. Mwaka 2009 daktari Jorge Kattah na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba kwa mgonjwa wa kisunzi kisichokoma, uchunguzi wa macho kitandani ukifanywa na aliyefunzwa vizuri uliwashika wagonjwa ambao MRI ya mapema iliwakosa. Daktari hutazama macho yanavyochezacheza, iwapo jicho moja limekaa juu kuliko jingine, na yanavyofuata kichwa kikigeuzwa ghafla. Mafunzo hayo hayahitaji tenda.

Kwa hiyo ombi langu si mashine tu, ingawa mashine pia naitaka. Toa agizo kwamba mtu mwenye kisunzi cha ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza, ulimi mzito au kuyumba upande mmoja asirudishwe nyumbani kwa sababu tu CT ni safi. Alazwe, achunguzwe macho na apelekwe MRI siku hiyo hiyo; ikitoka safi na dalili zingalipo, irudiwe. Asipewe hata maji kabla ya kupimwa kumeza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na sisi wa Likoni sehemu ya saa hizo tunaiacha kwenye foleni ya feri. Na malipo yasitangulie: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mama sasa anakunywa uji mzito kwa kijiko, kichwa ameinamisha, nami nahesabu kila anapomeza. Naomba unijibu hadharani swali moja: mgonjwa kama yeye akifika leo saa nane za usiku katika hospitali yoyote ya kaunti, MRI atapigwa wapi, na nani atakuwa macho kuisoma?

Wako,
Mkaazi wa Likoni