Asali ya Tabora ilivyonimwagikia Istanbul

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba, hilo neno utaona huko mbele lilivyonichanganya. Mimi ni muuza asali hapa Tabora mjini, mwaka wa 19 huu, sijawahi kuandika barua gazetini ila hii safari imenikaa kooni nikaona bora niiseme, ukiona ndefu punguza unapotaka lakini hapo kwenye moshi usipaguse.

Mwezi wa sita nilienda Istanbul, Uturuki, siku tano tu. Nchi za nje nilizokuwa nazijua ni Burundi na Kongo kidogo, na huko mtu unaenda na Kiswahili chako unarudi nacho hicho hicho. Mturuki nilikuwa namjua kwa kumwona hapa hapa, maana kampuni yao ndo ilipewa kipande cha SGR cha Makutupora mpaka Tabora, ila nchi yake siijui hata kwa kuota. Kilichonipeleka ni mashine ndogo ya kujazia asali pamoja na chupa za kioo, nimechoka kuuza kwenye machupa ya kuokota. Mke wangu akasema unaenda kutupa hela Baba. Nikaenda.

Sasa nilibeba na asali yangu ya kuonyesha, lita moja moja kwenye chupa mbili za maji ya kunywa, hizi hizi tunazojazia wote hapa, nikazifunga na mfuko wa rambo nikazipanga katikati ya nguo. Kutoka Dar mpaka Istanbul ni kama saa saba angani, unalala unaamka umefika. Nafika hotelini mtaa wa Laleli nafungua begi, ewe Mola, chupa moja imevuja, kanzu yangu nyeupe imegandana na shati, shati limegandana na soksi, na ile kofia ya kito niliyoiweka kwa ajili ya Ijumaa nikiivuta inatoa nyuzi nyuzi kama masega. Nilikaa chini bafuni saa nane usiku nafua kwa maji ya moto, mzee mzima wa miaka 57, nikawa najisemea ingekuwa kwetu sisimizi wangeshapanga foleni mpaka mlangoni. Chupa ya pili ilipona.

Asubuhi nashuka mapokezi, kijana hajafika hata miaka 25, ananitazama usoni ananiambia "merhaba". Nikasimama. Marahaba ya nini we mtoto, nani kakuamkia? Natoka nje muuza mikate naye merhaba, dereva merhaba, hata kabinti ka miaka kumi, mji mzima unanipa marahaba na mimi sijamwamkia mtu! Nilikuja kuelezwa na kijana wetu mmoja wa Kitanzania anayesoma chuo huko kwa skolashipu ya serikali yao, yeye ndo alikuwa mkalimani wangu, kwamba kwao hiyo ndo salamu yenyewe, Kiarabu kilipita kwao kikapita na kwetu kila mtu akachukua alichotaka. Kitabu kwao ni kitap, kalamu kalem, sabuni sabun, duka dükkan, na dakika ni dakika hiyo hiyo bila kubadili kitu, na kama sisi tu wakikwambia "bir dakika", dakika moja, kaa chini utafute chai. Yule kijana yeye alinipa shikamoo kila siku mpaka nikapata nafuu ya moyo.

Kitu kingine ni saa. Saa yao na yetu ni moja, hubadilishi hata sekunde, lakini jua halijui hilo, mwezi wa sita magharibi inaingia saa mbili na dakika arobaini usiku. Siku ya kwanza nimekaa nangoja adhana saa kumi na mbili na nusu kama mtu niliyesahauliwa stendi. Hotelini pale Laleli ni mtaa wa wafanyabiashara wa nguo, mabango yamejaa Kirusi, wabeba mizigo wanakuuliza kago kago, na nilisikia Kiswahili cha akina dada wa Kariakoo wakilia bei. Mambo ya misikiti mikubwa na madaraja sina haja ya kuyasimulia, picha zipo kila mahali. Paka ndo sijawahi kuona wanavyoheshimiwa vile, wamewekewa maji na chakula barabarani, na kwenye duka nitakalolisema sasa hivi paka alikuwa amelala juu ya kaunta pembeni ya mizani na hakuna aliyemfukuza.

Hilo duka lipo mitaa ya nyuma ya Soko la Misri kule Eminönü, soko la viungo la tangu miaka ya 1660. Ni la asali tupu. Mhariri, nimekulia kwenye asali lakini pale niliduwaa. Fremu nzima za masega zimesimamishwa dirishani jua linapita ndani yake, na kila chupa ina jina la mahali. Hii ya mlima fulani, hii ya maua fulani, hii ya mkoa wa Muğla ambayo ukweli wake nilicheka, maana siyo ya maua kabisa, kuna mdudu anafyonza utomvu wa msonobari halafu kile anachotoa nyuma, nisamehe Mhariri, ndo nyuki wanakikusanya, na muuzaji anakueleza hivyo hivyo kifua mbele na watu wanalipa. Akasema mwaka 2021 moto uliunguza hiyo misitu ya Muğla vibaya sana na wafuga nyuki wakalia. Nikakumbuka miyombo yetu inavyoingia kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kila msimu, sikumwambia.

Tukapewa chai, vile vigilasi vyao vyembamba kiunoni, haina maziwa, cha kwanza, cha pili, cha tatu, ndo nikatoa asali yangu. Kwanza hakuangalia asali. Aliangalia chupa. Akaigeuza akasoma lebo ya maji neno kwa neno, akamuuliza kijana kitu, kijana akanitazama kwa aibu, "Mzee anauliza hii ni maji au ni asali?"

Akafungua. Akachukua kijiti akachovya, akaonja akiwa amefumba macho, akakaa kimya muda mrefu, na mimi moyo unadunda maana ile ilikuwa asali ya Sikonge, wilaya ya hapa hapa mkoani kwetu, nzuri. Akafumbua macho akasema neno moja: "Duman."

Kijana akasema, "Moshi, Mzee."

Nilitaka kubisha ila nabishaje wakati najua? Warina wetu wengi wanapanda usiku na mwenge wa majani makavu, mwenge unaingizwa mpaka ndani ya mzinga, nyuki wengine wanaungua, masega yanafuka. Sisi tumezoea, tunaambiana eti hiyo ndo harufu ya asali ya porini. Halafu akatoa kidude kama darubini ya mtoto, refraktometa wanaita, akadondosha tone moja kwenye kioo chake akakielekeza dirishani akachungulia. Akanipa na mimi. Kuna mstari wa bluu umesimama kwenye namba 22. Akaeleza kwa upole tu kwamba asali ikizidi maji asilimia 20 hainunuliki, itaumuka, na hapo ndo nikaelewa zile dumu zangu mbili zilizochacha mwaka juzi nikamgombeza mke wangu kwamba ameacha mfuniko wazi. Ile asali ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega, mrina alikuwa na haraka ya ada ya mtoto na mimi nilikuwa na haraka ya gari la Dar. Wenyewe nyuki wanaziba wakishaona maji yamepungua, hawabahatishi. Tunaobahatisha ni sisi.

Akaanza maswali. Msitu gani? Mti gani? Mwezi gani? Mzinga gani? Nilijibu Tabora. Tabora wapi? Porini. Yaani miaka 19 kwenye biashara jibu langu ni porini! Nilipotulia nikamwambia miti ya mtundu na miyombo, mzinga wa gogo umetundikwa juu ya mti, na hapo, Mhariri, mwenye duka akasimama. Akanishika mkono akanipeleka kwenye kabati la pembeni lililofungwa kwa ufunguo, ndani kuna masega yamekaa kwenye vibakuli kama dhahabu ya bi harusi. Wanaiita karakovan, mzinga mweusi, ni asali ya mzinga wa gogo lililochongwa katikati, hauna fremu wala nini, nyuki wanajenga wenyewe, kule upande wa Bahari Nyeusi wengine wanautundika juu ya miti. Ina bei mara nne ya ile ya kawaida aliyonayo. Nilimuuliza kijana arudie kutafsiri.

Maana sisi hapa tangu nianze biashara hii kila semina ninayoitwa tunaambiwa mzinga wa gogo ni wa kizamani, tuache, tununue masanduku. Mimi sipingi masanduku, unakagua kirahisi, unarina bila kuharibu, na ile mizinga ya magome kweli inaua mti, hiyo tuiache. Ila gogo la babu yangu ndo liko kwenye kabati la ufunguo Istanbul, na asali ya gogo lile lile kwetu inaning'inizwa dirishani mwa treni kwenye chupa ya maji, abiria anabembeleza apunguziwe na anapunguziwa.

Jioni yake tulivuka maji kwa boti kwenda Kadıköy, dakika ishirini hivi unatoka Ulaya unaingia Asia, watu wanawarushia ndege vipande vya mkate. Mimi sikutazama ndege. Nilikuwa napiga hesabu nyuma ya risiti ya hoteli. Ndoo yetu ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu. Sisi tunanunua na kuuza kwa lita. Anayekuja kubeba kutoka mjini anaenda kufungasha kwa gramu. Mimi kwenye ndoo naona chupa 40 za nusu lita, yeye anaona chupa 56 za nusu kilo. Chupa 16 kila ndoo, Mhariri, na ndoo nimeuza ngapi kwa miaka 19, niliikunja ile risiti nikaiweka mfukoni sikutaka kuendelea.

Mashine sikununua. Kiwandani kule Ikitelli walinipokea vizuri, bei siyo mbaya, ila chupa wanauza kuanzia mzigo ambao ningelazimika kuuza nyumba kwanza. Nilirudi na refraktometa, chupa tupu sita za mfano, na boksi la peremende zao laini za unga unga kwa ajili ya mama watoto ambaye alipoiona kanzu hakuuliza kitu, alicheka tu mpaka akakaa chini.

Ombi langu liwafikie wenzangu wa soko na wakubwa wanaohusika na nyuki mkoani hapa, tena Tabora ndo penye chuo cha ufugaji nyuki, wataalamu hatuwakodi. Jina la Tabora kwenye asali lina nguvu kuliko tunavyojua, ukienda Dar asali ya popote pale inaitwa ya Tabora ili ifike bei, na sisi wenyewe hatuna hata lebo. Baklava ya Gaziantep Waturuki waliisajili mpaka Ulaya mwaka 2013, mtu mwingine haruhusiwi kulitumia jina hilo huko ovyo. Utasema hao ni wakubwa, haya, Cameroon je? Asali yao nyeupe ya Oku nayo imesajiliwa mwaka huo huo wa 2013, na Oku ni milimani kijijini tu. Kwa nini Sikonge isiandikwe Sikonge? Na bomba la moshi la kushika mkononi, lile la kutuliza nyuki badala ya mwenge, siyo kitu cha kushindwa kugawana warina watano watano.

Nimeanza mwenyewe. Nanunua kwa kilo sasa, na kila ndoo inayokuja dukani nadondosha tone kwanza. Wiki iliyopita kijana wa Uyui kaniletea ndoo nne, mbili zimesoma 18, nzuri kabisa, mbili zimesoma 23, nikamwambia hizi mbili hapana. Alikasirika, akasema mzee tangu uende Ulaya umekuwa mgumu, akabeba zote nne akaingia duka la jirani na jirani akanunua zote bila kuuliza kitu. Nimeona kwa macho yangu, hata mfuniko haukufunguliwa. Jirani, kama unasoma hili gazeti, zile mbili zenye utepe mwekundu ziuze upesi au zitaumuka.

Refraktometa ipo hapa dukani. Anayetaka kupima ndoo yake aje na kijiko kisafi, sitozi hela, ila asije Ijumaa mchana.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza asali, Tabora mjini