Karo peke yake haitoi daktari wa familia Kigoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na taasisi za hisani zinazotaka kusaidia mafunzo ya udaktari wa familia na afya ya msingi mkoani Kigoma. Nia yao ni njema. Tatizo ni pale fedha zinapoishia: mara nyingi ni karo, posho na vitabu vya mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam. Karo ni rahisi kufadhili, kwa sababu ina ankara, ina risiti, na mwisho wake kuna picha ya mahafali. Lakini kazi yenyewe ya daktari wa familia ni kumfuatilia mtu yuleyule miaka nenda rudi, pamoja na mama yake, mtoto wake na bibi yake. Hiyo haijifunzwi wodini. Inajifunzwa zahanati na kituo cha afya, na huko ndiko hakuna wa kufundisha.

Mfano wa hisani iliyowekwa kituoni tunao hapahapa. Kuanzia mwaka 2006 Bloomberg Philanthropies ilisaidia vituo vya afya vya Kigoma mpaka vikaweza kuwafanyia upasuaji kina mama wanaojifungua, na waliokuwa wakipasua ni pamoja na madaktari wasaidizi waliopewa mafunzo ya ziada. Hakuna aliyekaa akisubiri bingwa ateremke kwenye treni. Marekani nako, taasisi ya hisani ya chama cha madaktari wa familia ilianzishwa 1958, miaka 11 kabla ya fani hiyo kutambuliwa rasmi kuwa ubingwa mwaka 1969. Kwa hiyo anayesema tungoje kwanza mabingwa wawe wengi ndipo tuanze, anatuchelewesha bure.

Nianze na msimamizi wa mafunzo, maana hapo ndipo mipango mingi inapokufa. Chukua kituo cha afya chenye matabibu wawili, na benchi limejaa tangu saa moja na nusu asubuhi. Mwanafunzi makini atakaa na mgonjwa mmoja dakika 20 hadi 30, atatoa maelezo kwa msimamizi dakika tano, kisha watarudi wote wawili kwa mgonjwa. Foleni haisogei. Ikifika saa sita watu wananung'unika. Wiki ya pili mwanafunzi amegeuzwa karani wa kujaza fomu, na msimamizi anaona wagonjwa peke yake kama zamani. Kumwongezea msimamizi posho hakubadilishi kitu. Ataipokea na foleni itabaki palepale. Kinachotakiwa ni taasisi imlipe tabibu wa mkataba wa kushika foleni kipindi chote cha mafunzo, na wanafunzi wasizidi wawili kwa msimamizi mmoja.

Muda nao uwe angalau wiki nane mfululizo. Mgonjwa wa presha au kisukari hupewa dawa za mwezi, hivyo mwanafunzi wa wiki mbili ataondoka bila kumwona hata mmoja akirudi. Atakuwa amejifunza kuanzisha dawa tu.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa liwe la lazima. Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), kile cha wagonjwa wa nje, kimetengenezwa kuhesabu mahudhurio. Mama mwenye presha akija Januari, Februari na Mei, anakaa kwenye mistari mitatu ya kurasa tofauti, na hakuna mstari unaosema kwamba Machi na Aprili hakuonekana. Mwanafunzi apitie kitabu cha miezi mitatu, awatoe wote wenye presha na kisukari, awaandike upya kwenye kaunta buku, ukurasa mmoja mtu mmoja: jina, kitongoji, simu ya ndugu, vipimo, dawa, tarehe ya kurudi. Kila Ijumaa aangalie nani amepitisha tarehe, kisha orodha iende kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Orodha hiyo iwe na jina na tarehe tu, ugonjwa usiandikwe, na kaunta buku lenyewe lifungiwe kabatini. Kijijini siri haikai.

Zoezi hili lina mtego wake. Ukiwaita watu warudi, wakafika dirishani wakaambiwa amlodipini ya presha au metifomini ya kisukari hakuna, mwezi ujao hawaji, na hutawalaumu. Bajeti ya mafunzo iwe na fungu dogo la dawa hizo kwa ajili ya siku ambazo Bohari ya Dawa (MSD) haijaleta.

Kwenye vifaa sitakawia, ila mashine ya presha nitaitaja. Kituo kikipewa mashine yenye mkanda mmoja wa mkono, kila mtu atafungwa huohuo. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba hupanda kuliko hali halisi, na mtu huanzishiwa dawa ambazo pengine hakuzihitaji. Zinunuliwe mashine zenye mikanda ya saizi tofauti, pamoja na betri za akiba. Mgonjwa akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa kuachana dakika moja au mbili. Sasa tazama mabenchi ya zahanati zetu: mengi hayana pa kuegemea. Kiti kimoja cha mbao chenye mgongo ni kifaa cha tiba, na ni rahisi kuliko kompyuta mpakato ambazo wafadhili hupenda kuzileta.

Mtoto mwenye homa naye anahitaji msimamizi aliye karibu. Kwetu malaria ni nyingi, na kipimo cha haraka kikionyesha malaria mwanafunzi huishia hapo. Lakini kipimo hicho kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, na malaria haimzuii kuwa na nimonia siku hiyohiyo. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, si sekunde 15 kuzidisha kwa nne. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano mwenye 40 au zaidi, anapumua haraka, na hilo litafutiwe jibu hata kama malaria imeonekana.

Fedha zipite wapi? Vituo vina akaunti zao benki, na hesabu zake huingizwa kwenye mfumo wa serikali wa hesabu za vituo na kuonwa na kamati ya usimamizi wa kituo. Zipite huko. Kwa vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Buhingu hadi Kalya wilayani Uvinza, zihesabiwe pia nauli ya boti, jaketi okozi, na chumba chenye kitanda na umeme wa jua. Mwanafunzi anayelala kwenye stoo ya kituo haombi kurudi.

Kuhusu kurudi, Afrika Kusini kuna taasisi ya Umthombo huko KwaZulu-Natal, iliyoanzia kwenye hospitali ya vijijini ya Mosvold. Huchukua vijana wa maeneo hayohayo, huwataka wafanye kazi hospitali ya kwao wakati wa likizo, na kila mwaka wa ufadhili hulipwa kwa mwaka mmoja wa kazi. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo na vijana wa Kakonko au Buhigwe, ila mkataba usiwe kati ya taasisi na mwanafunzi peke yao. Halmashauri iwe upande wa tatu, na nafasi ya mhitimu iombewe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, kabla hajaanza masomo. Bila hivyo atamaliza, atakuja na mkataba wake mkononi, na hakutakuwa na kiti cha kumkalisha wala mshahara wa kumlipa.

La mwisho ni ripoti. Wafadhili huuliza wamesomeshwa wangapi. Waulize pia, katika wale walioandikwa kwenye kaunta buku mwaka jana, wangapi walirudi mwezi uliopita, na presha zao zilikuwa ngapi.

Mkufunzi wa afya ya msingi,
Kasulu, Kigoma