Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Mwanza: tarumbeta ni za nani?

Ndugu Afisa Utamaduni,

YAH: SWALI ULILONIULIZA HARUSINI

Salaam. Utakumbuka tulikaa meza moja kwenye ile harusi ya Kirumba. Kenta ya matarumbeta ilipoingia getini ukaniinamia ukaniuliza: "Hivi mzee, kwa nini mji huu hauna okestra yake, watu wanalipwa mshahara kama kazi nyingine?" Nikajibu kwa neno moja: hela. Ukacheka, nikacheka, maharusi wakaingia, yakaishia hapo.

Lile lilikuwa jibu la uvivu. Miaka mingi sasa naitwa kunyoosha vitabu vya kwaya, bendi na vikundi vya tarumbeta hapa jijini, na kwa kawaida naitwa moto ukiwa umeshashika paa. Vikundi vingi nilivyovizika vilikuwa na hela. Vingine vilikufa wiki ileile hela ilipoingia.

Nianze na cha kwetu. Tulikuwa 14. Mfadhili mmoja, mtu mwema kabisa, alitununulia tarumbeta, tromboni na ngoma. Hatukuandikishana kitu. Tulimshukuru, tukapiga picha naye, vyombo vikalala kwenye stoo yake kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na kufuli la maana. Mwaka wa tatu tukapishana kauli naye juu ya malipo ya harusi moja ya Nyakato. Kesho yake tukakuta kufuli jipya. Jumamosi hiyo tulikuwa na harusi mbili, na advansi tulishaila. Tukaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akatusikiliza wote, kisha akauliza swali moja: tarumbeta ni za nani? Mfadhili akatoa risiti. Sisi tulikuwa na midomo iliyochubuka tu. Tromboni niliyoipiga miaka mitatu sijaiona tena hadi leo.

Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kuanzisha okestra na jambo la kwanza analotaja ni vyombo, nywele zinanisimama.

Wenzetu wa Ulaya walipitia hayohayo kabla yetu. Mwaka 1882 wanamuziki wa bendi ya Benjamin Bilse kule Berlin walitakiwa kusafiri kwenda kupiga Warsaw kwa behewa la daraja la nne. Sisi tuliowahi kutoka Mwanza hadi Tabora daraja la tatu, tumekalia magunia, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Walijitoa, wakaunda chama chao, na hicho ndicho kilichokuja kuwa Berlin Philharmonic. Hadi leo wapigaji wenyewe ndio wanaomchagua kondakta mkuu kwa kura (mwongoza muziki, simaanishi wa daladala). Mwaka 2002 taasisi yao ikageuzwa kuwa wakfu wa umma, serikali ya Berlin inachangia, lakini kura ya wapigaji ikabaki palepale. Hapo pazingatie, nitaparudia.

London nako mwaka 1904 ugomvi ulikuwa juu ya deiwaka. Mpigaji alikuwa anakuja mazoezini, kisha siku ya onyesho akipata kazi yenye dau zuri zaidi anamtuma mwenzake. Henry Wood akapiga marufuku mtindo huo kwenye okestra aliyokuwa akiiongoza. Wapigaji wapatao 40 wakaondoka, wakaanzisha London Symphony Orchestra wakiwa wenyewe ndio wanahisa. Ukiniuliza mimi, Wood alikuwa na haki. Nimeshakesha nikisubiri mpiga besi aliyetuma mdogo wake asiyejua hata wimbo uko ufunguo gani. Lakini na wale wapigaji walikuwa na njaa, na huwezi kumkataza mtu udeiwaka kama humlipi mshahara wa kumtosha.

Usidhani hela nyingi zinatibu. Kule Marekani, bodi ya Minnesota Orchestra iliyojaa watu wenye uwezo ilitaka kukata mishahara kwa kiasi kikubwa. Wapigaji wakakataa. Oktoba 2012 wakafungiwa milango, na makubaliano hayakupatikana hadi Januari 2014. Katikati ya mgogoro huo ukumbi wao ulikuwa unakarabatiwa kwa takriban dola milioni 50. Kondakta wao, Osmo Vänskä, akajiuzulu kabla haujaisha. Ukumbi unang'aa, jukwaa tupu! Bodi ilijua kuchangisha fedha za jengo, ila haikuwa imejenga mazungumzo ya kueleweka na watu wanaopuliza.

Turudi nyumbani. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA, kisha OTTU. Wananchi wakachoka kufuatilia, wakaendelea kuiita Msondo. Mlimani Park nayo iliwahi kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mwaka 1985 ikapoteza wanamuziki tegemeo kadhaa waliovutwa na bendi ya International Orchestra Safari Sound. Mimi sikuwalaumu waliohama. Mtu asiye na kura wala hisa mahali anapofanya kazi, akiongezewa dau atakaa afanye nini?

Na Mwanza tuna somo letu wenyewe, ambalo halina uhusiano na muziki. Wazee wetu wakulima wa pamba waliunda ushirika wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mbele. Ulikua ukawa mkubwa mno. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa nchi nzima kwa agizo kutoka juu. Nawakumbuka wazee wakiongea habari hiyo kwa sauti ya chini, kama wanaongelea msiba. Kwa hiyo nikikuomba halmashauri isiimiliki okestra, usinione mkorofi. Kinachomilikiwa na ofisi hufutwa na ofisi.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa bajeti. Tuchukue wapigaji 24, kila mmoja shilingi 500,000 kwa mwezi, mshahara ambao hauna anasa. Hiyo ni milioni 12 kwa mwezi, milioni 144 kwa mwaka, kabla ya usafiri, ukumbi, matengenezo na michango ya hifadhi ya jamii. Tujaze ukumbi wa watu 300 mara mbili kwa mwezi, kiingilio 10,000: milioni 6. Nusu ya mishahara tu, na hapo nimejipendelea, kwa sababu watu 300 mara mbili kwa mwezi siwaoni. Hata huko Marekani tiketi kwa kawaida hazifikishi nusu ya mapato ya okestra. Na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, usikutamanishe. Ule unarejeshwa. Mkopo haulipi mshahara wa mpiga fidla.

Ninachopendekeza ni halmashauri iwe mteja. Inunue maonyesho kwa mkataba wa miaka mitatu: sherehe za kitaifa, Nane Nane pale Nyamhongolo, ziara za shule za msingi. Iwe na wajumbe wawili kwenye bodi, wasizidi. Wapigaji wawe na watatu, wanaochaguliwa kwa kura ya siri na wenzao, na wasiweze kuondolewa na mwenyekiti. Waliobaki wanne wawe watu wenye ujuzi tunaouhitaji: wakili, mhasibu, mwalimu wa muziki, na mfanyabiashara anayejua kuomba fedha bila kudai afunguliwe onyesho kwa jina lake. Vyombo viandikishwe kwa namba, chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na nakala ya orodha ibaki kwa wapigaji. Mwenyekiti asitie saini hundi. Kondakta asiajiri peke yake. Usaili ufanyike nyuma ya pazia, wanaosikiliza wasijue anayepuliza ni mpwa wa nani. Mshahara wa kwanza usilipwe mpaka fedha ya miezi 12 ipo benki.

Hilo la mwisho najua litakuudhi, kwa sababu maana yake hakuna uzinduzi mwaka huu. Vumilia. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wamecheza kwa ushindani tangu karne ya 19, na hadi leo sherehe ya Bulabo ikifika kule Bujora unaona uwanja unavyogawanyika. Hawana mishahara, lakini kila mcheza ngoma anajua yuko upande gani, nani anamfuata na kwa nini. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, akiharibu, watu wanahamia kwa mwenzake mchana kweupe. Sijaona bodi yenye uwajibikaji wa kasi hiyo.

Rasimu ya katiba ninayo, kurasa tisa, nimeipitisha kwa wakili mmoja na kwa wapigaji kumi na mmoja ambao wameichanachana vizuri. Nitaileta ofisini kwako Jumatano asubuhi. Kama utakuwa safarini, nitamwachia karani wako. Tafadhali aigonge muhuri wa kupokelewa, nakala moja nirudi nayo.

Wako,
Mpiga tromboni asiye na tromboni,
Pasiansi, Mwanza