Tamko la Katiba la Sudan liliacha hazina kambini

Ndugu Mhariri,

Kila vita vya Sudan vinapotajwa magazetini, maelezo huwa yale yale: majenerali wawili, Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi, na Mohamed Hamdan Dagalo, mkuu wa kikosi cha wanamgambo cha RSF, wamegombana. Ni kweli, ila nadhani tunaianzia hadithi katikati. Naomba nafasi nirudi hadi Agosti 17, 2019, siku lilipotiwa saini Tamko la Katiba, yaani makubaliano ya wanajeshi na raia ya kuiongoza nchi kipindi cha mpito, miezi minne baada ya Rais Omar al-Bashir kung'olewa.

Tamko lile liligawa viti kama mtu apimaye dhahabu: Baraza la Utawala la watu 11, wanajeshi watano, raia watano na raia mmoja wa kukubaliana, uenyekiti kwa wanajeshi miezi 21, kisha raia miezi 18. Lakini jeshi lilibaki na makampuni yake, ambayo Waziri Mkuu Abdalla Hamdok aliyalalamikia hadharani mwaka 2020 bila mafanikio, na kikosi cha RSF, chenye fedha zake za dhahabu ya Darfur, magharibi mwa nchi, kilitambuliwa ndani ya Tamko lenyewe kuwa taasisi ya kijeshi ya taifa, sambamba na jeshi.

Bunge la mpito lililopaswa kuundwa ndani ya siku 90 halikuundwa, na Mahakama ya Katiba vilevile. Nani basi angemwita jenerali ajieleze? Hapa raia nao hawakwepi lawama, maana makundi yaliyoongoza maandamano ya kumng'oa Bashir yalivutana juu ya viti vya bunge hilo huku miezi ikiyoyoma. Oktoba 25, 2021, kabla zamu ya raia haijafika, Burhan alivunja serikali na Hamdok akawekwa kizuizini. Waliobaki kumpinga ni vijana wa kamati za mitaa, waliorudi barabarani mikono mitupu.

Wapo wasemao jeshi la Sudan haliachii madaraka kamwe. Mwaka 1986 Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab aliyaachia, mwaka mmoja tu baada ya Rais Nimeiry kuangushwa. Tatizo ni kwamba aliliacha jeshi kama alivyolikuta, na humo humo jeshini ndimo alimotokea Bashir, aliyetwaa madaraka mwaka 1989.

Kwa hiyo wapatanishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na wa Umoja wa Afrika watakapoketi tena na Wasudani, suala la nani awe mwenyekiti lisubiri. Kwanza iandikwe nani atakagua hesabu za makampuni ya jeshi, na bunge liapishwe kabla ya serikali ya mpito.

Msomaji wenu,
Morogoro