Kila mtu anasema kampeni haimgusi yeye

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hapa Kigoma, nenda Kibirizi kwa akina mama wanaoanika dagaa, uliza kama maneno ya gari la kampeni yanawabadilisha, utaambiwa mimi? thubutu, nishaamua zamani, ila hao wa vijijini ndo wanadanganyika na kofia na tisheti. Fika kijijini, nao wanasema wa mjini ndo wanapelekeshwa na simu zao. Msomi wa Marekani, W. Phillips Davison, aliliandika hili 1983, kwamba mtu huona ujumbe unawateka wenzake kuliko yeye. Linaniuma sana, maana anayejiona hadanganyiki hahoji kitu, mgombea akiahidi barabara hakuna anayeuliza hela itatoka wapi na hiyo barabara itaisha lini. Tuulizeni jamani, palepale mkutanoni, kabla hawajawasha muziki.

Msomaji wako, Ujiji