Gabapentini si Panadol

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba gabapentini, dawa ya maumivu ya neva (mishipa ya fahamu), ni ulaghai, eti aliimeza siku mbili na miguu ikaendelea kuwaka moto. Kosa hilo nami nimelifanya. Mkanda wa jeshi ulipopona uliniachia maumivu chini ya mbavu za kushoto, na mimi fundi cherehani nikashindwa kuvaa shati nililolishona mwenyewe. Kitambaa kikigusa, kaa la moto! Nilimeza vidonge vitatu, nikaambulia kizunguzungu, nikavitupia kabatini.

Mfamasia ndiye aliyenifumbua macho. Neva ili ipitishe habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo, lazima kalsiamu iingie kwenye ncha yake kupitia vijilango maalumu. Hapo ndipo kemikali za kupeleka ujumbe humwagwa. Neva ikijeruhiwa hutengeneza kwa wingi protini iitwayo alfa-2-delta, ambayo husaidia kuvifikisha vijilango hivyo kwenye ncha. Gabapentini na ndugu yake pregabalini huishika protini hiyo. Haziuzibi mlango, zinamzuia mpagazi anayeleta milango. Ile iliyokwisha kupachikwa inabaki ikifanya kazi kwa muda. Ndiyo maana kwenye maabara, seli za neva zikimwagiwa dawa kwa dakika chache, mara nyingi mkondo wa kalsiamu hautikisiki sana. Zikilazwa nayo usiku kucha, unapungua. (Jina nalo linapotosha: dawa ilibuniwa ili kuiga GABA, kemikali inayotuliza ubongo, lakini vipokezi vya GABA haivishiki.)

Na ulaghai si neno lake. Panya waliobadilishwa kijeni ili dawa isiweze kuishika protini ile hawakupata nafuu yoyote, ilhali wenzao walipata.

Kuchelewa kwenyewe hakutokani na milango tu. Dozi hupandishwa polepole ili kichwa kizoee, na wapo wengi wanaovumilia wiki nyingi wasione kitu. Mwenye figo dhaifu apunguziwe dozi, maana dawa hii hutoka kwa njia ya mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Na kuiacha ghafla, kama nilivyotaka kumshauri jirani yangu, ni hatari.

Mimi nilirudi kwa daktari, nikaanza upya. Wiki ya tatu nikalivaa lile shati. Vifungo viwili vya chini bado naviacha wazi.

Fundi cherehani, msomaji wenu