Anayetafuta jina la binti kutoka Brazili asiishie kwenye Valentina

Mhariri,

Nimesoma kwa hamu orodha yenu ya majina ya watoto wa kike kutoka Brazili, kwa kuwa naishi Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, na binti yangu amezaliwa hapa. Mlitutajia Valentina, Isabela, Sofia, Laura na Helena. Ni kweli wasichana wenye majina hayo wamejaa hapa, na Helena limekuwa kati ya yanayopendwa mno miaka ya karibuni. Lakini hayo utayakuta Italia na Hispania vilevile. Mzazi anayetaka jina lenye harufu ya Brazili yenyewe hamkumpa kitu.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu lilinifika. Nilipojifungua, mume wangu, Mbrazili, alikwenda peke yake kwenye cartório, ndiyo ofisi ya kusajili vizazi, mimi nikiwa bado kitandani. Usajili wenyewe ni bure kwa kila mtu kwa sheria ya mwaka 1997. Akarudi na cheti kimeandikwa Valentina, jina walilomshawishi dada zake. Nililia. Tangu mimba ina miezi mitano tulikuwa tukimwita Jandira.

Jandira ni jina la Kitupi, lugha iliyokuwa ikizungumzwa sehemu kubwa ya pwani hii Wareno walipofika mwaka 1500. Watu hulihusisha na jandaíra, nyuki mdogo asiyeuma wa kaskazini-mashariki mwa nchi. Mara ya kwanza nililisikia kwa mama mmoja muuza acarajé, zile bajia za kunde zinazokaangwa kwa mawese, akimwita mjukuu wake. Herufi ya kwanza huitamka laini, si kama j yetu, na sauti hiyo haikunitoka masikioni siku nzima.

Kilichotuokoa ni sheria namba 14.382 ya mwaka 2022. Ndani ya siku 15 baada ya usajili, mzazi anaweza kulipinga jina palepale ofisini, na wazazi wakiwa kauli moja linabadilishwa bila kufika kwa hakimu. Siku ya tisa tulikwenda pamoja, mume wangu amembeba mtoto. Wenzangu mnaojifungua huku, siku hizo 15 mziweke akilini.

Kitupi kimeacha mengine mazuri. Iara ni mwenye maji, na ndilo jina la yule bibi wa mitoni katika ngano za Amazoni. Jaci ni mwezi. Potira ni ua. Ni maneno mafupi, yanaishia kwa irabu, hayampi shida Mswahili.

Halafu kuna majina ya Bikira Maria, na hapa ndipo naiona Brazili kwa ukaribu zaidi. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu akina Maria zaidi ya milioni 11, na kwa wingi huo Maria peke yake halitoshi kumtambulisha mtu. Basi yupo Maria das Dores, wa Mateso; Maria do Socorro, wa Msaada; na Maria Aparecida, aliyetokea. Aparecida latokana na sanamu ambayo wavuvi watatu waliivua mtoni mwaka 1717, kwanza kiwiliwili, kisha kichwa. Mama mkwe wangu ni Aparecida. Kwenye vitambulisho limeandikwa lote, ila mtaani ni Cida tu, na ukimuulizia kwa jina kamili majirani huchelewa kuelewa.

Yapo pia yanayoundwa nyumbani, hasa huku kaskazini-mashariki: kipande cha jina la baba, kipande cha mama, kisha kiishio kinachopendeza sikio, kama Josilene au Rosicleide. Wapo wanaoyadharau kwamba ni ya maskini. Dharau hiyo inaniudhi. Formiga, mzaliwa wa Salvador hapa, aliyecheza Kombe la Dunia la wanawake mara saba kuanzia 1995 hadi 2019, jina lake alilosajiliwa ni Miraildes. Formiga, yaani sisimizi, ni la uwanjani. Sijapata kuliona Miraildes katika orodha yoyote ya majina ya kupendekeza.

Na Dandara, jambo lililonishangaza kulikosa kwenu. Ni jina la mwanamke anayesimuliwa kuwa mke wa Zumbi, kiongozi wa Palmares, ngome ya Waafrika waliotoroka utumwa. Habari zake zimefika kwa masimulizi zaidi kuliko maandishi, lakini mwaka 2019 aliingizwa kwa sheria katika kitabu cha mashujaa wa taifa. Kliniki ninakompeleka mwanangu chanjo, akiitwa Dandara hugeuka watoto wawili.

Jambo dogo kwa watakaoandikisha huku: kwa desturi jina la ukoo wa mama hutangulia, la baba likafuata. La ukoo wangu limo kwenye cheti cha binti yangu, na karani alinisomea herufi moja moja kabla ya kupiga muhuri.

Naomba mchapishe orodha ya pili, na Jandira liwemo.

Mama Jandira,
Salvador, Bahia